Barua ya Wazi kwa Wachapishaji wa Vitabu vya Vita, Michezo na Maisha ya Wasanii

Kwa wakurugenzi, wahariri wakuu na wasimamizi wa mashirika ya uchapishaji,

YAH: KUWAONYESHA WASOMAJI MLIKOTOA HABARI

Waheshimiwa,

Barua hii nimeielekeza kwenu, si kwa waandishi ambao majina yao yako kwenye majalada, na sababu yake ni ya kimkataba. Katika mikataba mingi ya uchapishaji kuna kifungu kinachomtaka mwandishi athibitishe kwamba aliyoyaandika ni ya kweli, na kwamba yeye ndiye atakayebeba mzigo endapo mtu atakwenda mahakamani. Mkishapata saini hiyo, mswada hupelekwa kwa mhariri wa lugha, pengine kwa mwanasheria wa kuangalia kama yumo mtu aliye hai anayeweza kudai kwamba amekashifiwa, kisha kwa msanifu wa jalada. Mtu wa kuuliza "hili umelitoa wapi?" mara nyingi hayumo kabisa katika safari hiyo. Msomaji halijui jambo hili. Akiona nembo yenu kwenye mgongo wa kitabu, na chini ya jina la kitabu akasoma "historia" au "wasifu", huamini kwamba yupo aliyekwisha kukagua. Imani hiyo mnaiuza pamoja na karatasi na wino, na ombi langu lote ni kwamba muanze kuigharimia.

Mimi ni mkutubi, na rafu tatu zinazoazimwa sana mikononi mwangu ni za vita, za michezo na za maisha ya waimbaji, wachekeshaji na waigizaji. Wapo watakaoshangaa nikiziweka pamoja, kwa kuwa mambo ya jenerali na ya mwimbaji huonekana kuwa mbali mbali. Lakini vitabu hivyo vina asili moja. Malighafi yake kubwa ni kumbukumbu ya watu waliokuwapo, na watu hao wana sababu za kuipamba: heshima ya kikosi, fahari ya timu, jina la msanii na mauzo yake. Msomaji naye huja akiwa amekwisha kupenda. Hakuna anayeazima kitabu cha mabingwa wa zamani ili aambiwe kwamba bao lile maarufu halikuwa vile alivyosimuliwa na baba yake. Mwandishi anayependa, akisomwa na msomaji anayependa, anahitaji mtu wa tatu asiye na mapenzi hayo, na nafasi hiyo ni yenu.

Isitoshe, watu wenyewe hawakai katika rafu moja. Abebe Bikila, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa mfalme wa Ethiopia. Josephine Baker, mcheza dansi na mwimbaji, alibeba siri za kijasusi za Wafaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi za muziki wake, na mwaka 2021 aliingizwa katika Panthéon, mjini Paris, wanakoenziwa mashujaa wa taifa hilo. Kosa la mwanahistoria wa vita huhamia kwa mwandishi wa michezo, na la mwandishi wa michezo huhamia kwa mwandishi wa maisha ya wasanii, kila mmoja akimnakili mwenzake bila kurudi kwenye chanzo.

Naomba tukae kidogo na picha moja, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi kosa linavyoishi. Tarehe 23 Februari 1945, mpigapicha Joe Rosenthal wa shirika la habari la Associated Press aliwapiga picha wanajeshi sita wa Marekani wakisimamisha bendera juu ya mlima Suribachi, katika kisiwa cha Iwo Jima. Picha hiyo imo katika vitabu visivyohesabika, na chini yake huwa kuna majina. Mwaka 1947 uchunguzi wa kijeshi ulikubali kwamba jina moja lilikuwa limekosewa: aliyekuwa chini ya mlingoti ni Harlon Block, si Hank Hansen. Baada ya hapo orodha ilikaa imara kwa karibu miaka 70. Vitabu viliandikwa juu yake, na familia zilikua zikijua kwamba mzee wao yumo, au hayumo.

Kisha, mwaka 2014, gazeti moja la Marekani lilichapisha kazi ya wapenzi wawili wa historia ambao hawakuwa wanahistoria wa kuajiriwa. Walichofanya ni kuangalia kwa makini. Walilinganisha picha ile na nyingine zilizopigwa mlimani siku ile ile. Katika picha hizo nyingine, John Bradley, tabibu wa jeshi la majini, alikuwa amevaa suruali iliyokunjwa pindoni. Mtu aliyeitwa Bradley katika picha maarufu suruali yake haikukunjwa. Mtu huyo alikuwa na mkanda wa risasi na koleo la kukatia waya, vifaa ambavyo tabibu hakuonekana navyo. Mwezi Juni 2016 Kikosi cha Marine kilitangaza kwamba Bradley hakuwamo, na kwamba Harold Schultz ndiye aliyekuwamo. Mwaka 2019 kikatangaza tena kwamba Rene Gagnon naye hakuwamo, na mahali pake alikuwa Harold Keller. Schultz alifariki mwaka 1995, na Keller mwaka 1979, wote wawili bila kutambuliwa hadharani.

Angalieni kwamba hapa hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Majina yalitolewa kwa haraka wakati vita vikiendelea, yakaandikwa, na baada ya hapo kila kitabu kikayachukua kutoka kitabu kilichotangulia. Ushahidi wa kuyapinga haukuwa umefichwa. Ulikuwa kwenye picha zenyewe, kwenye pindo la suruali. Kilichokosekana ni mtu aliyelipwa kuuliza. Na swali langu kwenu, wale mliochapa picha hiyo kabla ya 2016 na bado mnaichapa, ni jepesi: je, toleo mnalouza leo limebadilishwa? Na kama limebadilishwa, mmemwambia msomaji kwamba mmebadilisha, au mmefuta kimya kimya?

Nauliza hivyo kwa sababu niliwahi kuliandikia shirika moja, ambalo sitalitaja, kuhusu picha ya timu ambayo maelezo yake yalisema "kutoka kushoto" ilhali majina yalikuwa yamepangwa kutoka kulia, hata golikipa, ambaye jezi yake ilikuwa tofauti na za wenzake, akapewa jina la winga. Nilijibiwa kwa adabu nyingi na kushukuriwa. Kitabu kikachapwa tena kama kilivyokuwa.

Mnaweza kusema kwamba makosa hujirekebisha yenyewe, kwa kuwa nyaraka zipo na anayetaka kuhakikisha ataziendea. Katika historia ya vita, hilo mara nyingi si kweli. Mwezi Septemba 1940, bomu la Wajerumani liliunguza ghala mjini London lililohifadhi majalada ya utumishi ya askari wa Uingereza wa vita vya 1914 hadi 1918. Zaidi ya nusu yaliteketea, na mengi ya yaliyosalia yana alama za moto na maji. Tarehe 12 Julai 1973, moto katika jengo la kumbukumbu za utumishi huko St. Louis, Marekani, uliangamiza majalada ya wanajeshi kati ya milioni 16 na milioni 18. Mjukuu anayemtafuta babu yake katika makundi hayo huenda asipate chochote zaidi ya kitabu chenu, na kitabu kikikosea, hakuna karatasi nyingine ya kukisuta. Hata shajara za vikosi zilizosalia ziliandikwa na ofisa mmoja, usiku au siku kadhaa baadaye, na siku ya mapigano makali ndiyo mara nyingi yenye maneno machache kuliko zote, kwa kuwa mwandishi alikuwa na kazi nyingine, au hakuwapo tena.

Thucydides, aliyeandika habari za vita vya Athens na Sparta yapata miaka 2,400 iliyopita, aliona vyema kuwataarifu wasomaji wake kwamba mashahidi wa tukio moja walimpa habari tofauti, kwa upendeleo au kwa kusahau, na kwamba hotuba alizowawekea viongozi alizitunga kwa kadiri ya yale aliyoona yanafaa kusemwa. Unaweza kumlaumu kwa hotuba hizo, lakini huwezi kusema alikuficha. Leo hii ninasoma kitabu cha vita chenye mazungumzo ya askari wawili ndani ya handaki, yamewekwa katika alama za kunukuu, wote wawili wakiwa wameuawa jioni ile, na hakuna mahali ninapoambiwa nani aliyasikia.

Nihamie kwenye michezo, ambako hadithi za asili zina nguvu ya pekee. Kwa miongo mingi Wamarekani walifundishwa kwamba besiboli ilibuniwa na Abner Doubleday katika mji wa Cooperstown mwaka 1839. Doubleday alikuwa jenerali wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mtu wa kuheshimika, na jina lake lilifaa sana kwa mchezo ambao wenyewe walitaka uonekane umezaliwa nyumbani. Hitimisho hilo lilitolewa mwishoni mwa mwaka 1907 na tume iliyoongozwa na Abraham Mills, nayo iliundwa kwa juhudi za Albert Spalding, mchezaji wa zamani aliyekuwa mfanyabiashara wa vifaa vya michezo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa barua ya mzee mmoja, Abner Graves, ambaye mwaka 1839 alikuwa mtoto wa miaka mitano. Doubleday mwenyewe mwaka huo alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na hadi anafariki mwaka 1893 hakuwahi kudai kwamba amebuni mchezo wowote. Hata hivyo jumba la kumbukumbu la besiboli lilifunguliwa Cooperstown mwaka 1939, kuadhimisha miaka mia moja ya jambo ambalo halikutokea.

Ninachowaomba mkione hapo ni urahisi wa kuligundua kosa. Kuhesabu umri wa shahidi ni kazi ya dakika moja. Kutazama jenerali alikuwa wapi mwaka fulani ni kazi ya kurasa chache za kumbukumbu za chuo. Hali ni hiyo hiyo kwa raga: hadithi ya mwanafunzi William Webb Ellis aliyeubeba mpira mikononi na kukimbia nao mwaka 1823 ilianza kuandikwa mwaka 1876, miaka minne baada ya kifo chake, na aliyeiandika hakuwa shahidi wa macho; sasa kombe la dunia lina jina lake. Na mbio za marathoni, nazo, zimejengwa juu ya mjumbe aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens akaanguka na kufa, ilhali Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale aliyeandika karibu zaidi na wakati wa tukio, anamtaja mkimbiaji aliyetumwa Sparta kuomba msaada na wala hasemi kwamba alikufa. Sisemi hadithi hizi zifutwe. Ni sehemu ya urithi wa michezo, na namna zilivyozuka ni historia tamu kuliko zenyewe. Nasema ziitwe kwa jina lake.

Wakati mwingine shahidi anayepamba ni bingwa mwenyewe, tena kwa nia njema. Jesse Owens, mshindi wa medali nne za dhahabu katika Olimpiki ya Berlin ya 1936, alisimulia kwa miaka mingi jinsi mpinzani wake Mjerumani, Luz Long, alivyomfuata wakati wa mchujo wa kuruka chini na kumshauri arukie nyuma kidogo ya mstari ili asiharibu tena. Mwanahistoria mmoja wa Olimpiki aliandika baadaye kwamba Owens alimkiria kuwa mazungumzo hayo hayakuwapo, na kwamba watu walipenda kusikia hadithi za namna hiyo. Urafiki wao baada ya shindano ulikuwa wa kweli, na Long alifariki Sicily mwaka 1943 kutokana na majeraha ya vita. Mhariri mzuri angezichapa habari zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na msomaji angewajua Owens na Long vizuri zaidi.

Kuhusu takwimu nitasema kwa ufupi. Pelé anahesabiwa mabao zaidi ya 1,200, na hesabu hiyo haina udanganyifu mradi msomaji aambiwe kwamba imejumuisha mechi za kirafiki na mabao aliyozifungia timu za jeshi wakati wa utumishi wake. Mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia la mwaka 1950 katika uwanja wa Maracanã, nchini Brazili, ilikuwa na watazamaji 173,850 waliolipa, na wengine husema laki mbili. Namba isiyosema ilihesabiwa na nani, na kwa kanuni gani, haina tofauti na kelele za mashabiki. Linganisheni na namba ya askari wa Uingereza waliouawa, kujeruhiwa, kutoweka au kutekwa siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, tarehe 1 Julai 1916, ambao ni 57,470, kati yao 19,240 wakiwa wamekufa: inatisha, lakini ina njia ya kuifuata hadi kwenye vitabu rasmi vilivyoikusanya baadaye.

Maisha ya wasanii ndiko mnakolegea kuliko kote, na nadhani najua kwa nini. Katika sheria za nchi nyingi aliyekufa hawezi kukashifiwa, kwa hiyo msanii akishazikwa mwanasheria wenu hana tena la kuuliza, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi pekee, ukaguzi wote huisha. Wala hamhitaji kashfa ili mkosee. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, aliamini, au alipenda kusema, kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, sikukuu ya taifa lake, katika mwaka wa kupendeza kuukumbuka. Wasifu baada ya wasifu ukairudia tarehe hiyo. Katika miaka ya 1980, muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1971, mtafiti aliifuata kumbukumbu ya ubatizo wa kanisa huko New Orleans, akaikuta tarehe 4 Agosti 1901. Kitabu cha ubatizo kilikuwapo muda wote huo.

Tawasifu ya mwimbaji wa jazi Billie Holiday ya mwaka 1956 inaanza kwa kutaja ndoa ya wazazi wake, nao hawakuwahi kuoana. Kitabu hicho kiliandikwa pamoja na mwandishi wa habari William Dufty, na angalau jina lake lilitajwa. Wangapi kati yenu wanachapa leo "maisha yangu, kwa maneno yangu" ya mchezaji au mwimbaji ambaye hajaandika hata sentensi moja ya kitabu hicho? Sina ugomvi na waandishi vivuli. Ni kazi halali na ngumu. Lakini kumficha kunamnyima msomaji habari muhimu: kwamba maneno haya ni ya mazungumzo yaliyopangwa na mtu mwingine, ambaye alichagua aulize nini na aache nini. Josephine Baker alishirikiana na waandishi mbalimbali katika vitabu kadhaa vya maisha yake, na vitabu hivyo havikubaliani. Bila kujua nani aliketi naye, na mwaka gani, mtu hawezi hata kuanza kuvipima.

Kinyume chake, tazameni kitabu kimoja kinavyoweza kumbeba mtu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Anayetaka kuandika juu ya Siti leo hulazimika kupitia hapo. Kama wasifu ule usingeandikwa, tungebaki na sahani zinazokwaruza na masimulizi yanayogeuka kila mara. Mchapishaji anapoutoa wasifu wa mwimbaji ambaye hajawahi kuandikwa, ajue kwamba pengine hakitakuja kitabu cha pili.

Sasa limeongezeka jambo jipya. Msanii mashuhuri akifariki, ndani ya siku chache huzuka sokoni "wasifu" wake uliotungwa na programu ya kompyuta kutokana na mabaki ya intaneti. Tatizo lilikua kiasi kwamba mwezi Septemba 2023 Amazon iliweka kikomo cha vitabu vitatu kwa siku kwa kila anayejichapishia katika mfumo wake, na hata kikomo hicho kinachekesha ukifikiri ni nani awezaye kuandika vitabu vitatu kwa siku. Ninyi mna jibu moja tu la kujitofautisha na vitu hivyo, nalo ni kuonyesha vyanzo. Msipoonyesha, msomaji atawezaje kujua kwamba wenu umeandikwa na mtu aliyefunga safari hadi kanisani kufungua kitabu cha ubatizo?

Msidhani pia kwamba ukubwa wa shirika ni kinga. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lililipa zaidi ya mark milioni 9 kwa shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler, na magazeti ya nchi nyingine yakakimbilia kununua haki za kuzichapa. Zilikuwa zimeandikwa na mghushi Konrad Kujau. Wataalamu wa mwandiko waliziidhinisha kwa kuzilinganisha na sampuli ambazo baadhi yake zilikuwa za mghushi huyo huyo, na usiri wa biashara uliwazuia watu wenye ujuzi kuziona mapema. Hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani ilipopewa nafasi ya kuzipima, ilikuta katika karatasi kemikali ya kung'arisha iliyoanza kutumika baada ya vita. Haraka na siri ndivyo vilivyofanya kazi, na ndivyo vinavyotawala hadi leo kitabu kinapotangazwa kuwa na "ufunuo wa kushtua" na kufungiwa hadi siku ya uzinduzi.

Lipo jambo la nani anayeonekana, na hili huonekana vizuri katika faharasa. Fungueni faharasa ya kitabu cha kawaida cha vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki. Jina la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyesalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya, litakuwa na kurasa na vifungu vidogo vidogo: utoto wake, ndoa yake, tabia yake. Wapagazi, waliobeba vyakula na risasi za pande zote mbili na kufa kwa maradhi na uchovu kwa makumi ya maelfu, watapata neno moja, "wapagazi", bila jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Kitabu hakiwezi kurudisha majina yasiyoandikwa. Kinaweza kusema waziwazi kwamba hayakuandikwa, na kwa uamuzi wa nani, badala ya kuendelea na habari za ndoa ya kamanda.

Hata mahali ambapo majina yapo, husahaulika. Timu ya soka ya wanawake ya Dick, Kerr, iliyotokana na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha mjini Preston wakati wa vita hivyo hivyo, ilicheza mbele ya watazamaji wapatao 53,000 katika uwanja wa Goodison Park tarehe 26 Desemba 1920. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikazuia wanawake kutumia viwanja vya klabu zake, na zuio hilo lilidumu hadi miaka ya 1970. Nimeshika mikononi historia nene za soka zisizo na mstari mmoja juu ya siku ile.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Kila kitabu mnachokiita historia au wasifu kiwe na tanbihi au maelezo ya vyanzo nyuma, sura kwa sura, yakitenganisha alichokiona mwandishi kwenye waraka, alichosimuliwa na shahidi, na alichokichukua kwenye kitabu kingine. Mkiona kurasa zinakuwa nyingi, yawekeni katika tovuti, ingawa napendelea karatasi, maana tovuti za mashirika hufa na vitabu hubaki kwenye rafu. Faharasa na ukaguzi wa habari vilipiwe na shirika. Desturi ya kukata gharama ya faharasa na ya haki za picha kwenye mirabaha ya mwandishi ndiyo inayotupa vitabu vya kurasa 500 visivyopekulika na picha zisizo na jina la mpigapicha wala tarehe. Mwandishi kivuli atajwe, hata kama ni kwa herufi ndogo ndani ya kitabu. Na masahihisho ya toleo jipya yaandikwe mahali msomaji atayaona, kwa sentensi moja tu: ukurasa fulani ulisema hivi, sasa unasema hivi, kwa sababu hii.

Jambo ambalo ningelipigania kuliko yote ni kanda. Mwandishi anapowahoji askari wazee, wachezaji waliostaafu au wanamuziki waliopiga pamoja na marehemu, saa nyingi za sauti hurekodiwa, na kinachoingia kitabuni ni maneno machache. Kilichobaki hukaa katika simu au kompyuta yake hadi iharibike. Wekeni katika mikataba yenu kifungu cha kuzikabidhi sauti hizo, kwa idhini ya waliohojiwa, kwenye hifadhi ya nyaraka au maktaba ya chuo kikuu, hata kama kwa sharti la kufungwa kwa miaka 30. Gharama yake ni ndogo kuliko sherehe moja ya uzinduzi, na mashahidi wengi wa aina hii hawatahojiwa mara ya pili.

Najua mtanijibu kwamba soko halilipii tanbihi. Mmepata kujaribu? Wapenzi wa vita, wa michezo na wa muziki ni watu wanaobishana juu ya namba ya jezi na aina ya kitufe cha sare. Ndio hao waliohesabu pindo la suruali juu ya mlima Suribachi. Hamna wasomaji wengine wenye hamu kubwa kuliko hawa ya kujua habari ilikotoka, na mnawachapia vitabu kana kwamba hawatauliza.

Nawaomba mjibu hadharani, kwa kutaja mswada mmoja tu ulio mezani kwenu sasa hivi, ambao mtauchapa ukiwa na vyanzo vyake vyote, pamoja na jina la hifadhi itakayopokea kanda zake.

Wenu,
Mkutubi na msomaji wa vitabu vyenu